Punje ya Nderingo

Mizani haina ndugu, na ndiyo maana Ndeanasia Eliufoo aliiamini kuliko watu wengi aliowahi kukutana nao. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa mkaguzi wa vipimo, akizunguka maduka, bucha na maghala ya kahawa ya mteremko mzima wa mlima, na siku ya kustaafu wenzake walimpa mizani ndogo ya shaba ya kupimia vitu vyepesi kama unyoya. Wengine hupewa saa, wengine mbuzi. Yeye alipewa mizani, na hakuna aliyeona ajabu.

Asubuhi ile ya Alhamisi aliitoa kabatini, akaifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Kando yake aliweka vichupa viwili vya kioo. Ndani ya kila kichupa mlikuwa na punje moja nyeupe, ndogo kama punje ya mtama. Ya kwanza ilikuwa imetolewa siku tatu zilizopita chini ya mtulinga wake wa kushoto, na bandeji bado ilikuwa pale. Ya pili ilikuwa ya marehemu mume wake, Nderingo. Walimkabidhi miaka miwili nyuma pamoja na miwani na kofia, kwa sababu ukoo ulikataa mtu wao azikwe na kitu kisicho chake, ambacho hakuzaliwa nacho.

Hakuwa amelala vizuri. Jana yake, kwenye ubao wa Kituo cha Moyo cha Kilongo, ilibandikwa orodha iliyokuwa imefungwa kwa lakiri kwa miaka tisa. Alitafuta namba yake, mia moja na kumi na nane, akakuta imeandikwa *tupu*. Akashuka mstari mmoja hadi mia moja na kumi na tisa, ya Nderingo. *Kamili*.

Siku hizo mtu akifikisha miaka sabini na tano alikuwa hapewi tena vidonge vya kushusha lehemu. Lehemu ni yale mafuta mabaya yanayogandia ndani ya mishipa ya damu kama ukoko chini ya sufuria, mpaka njia ya kwenda kwenye moyo inabaki nyembamba kama uzi. Kwa watu wa makamo faida ya vidonge ilijulikana. Kwa wazee wataalamu walibishana, na Baraza la Dawa za Uzeeni likaamua kwamba kisichothibitishwa hakitolewi. Basi wazee wakaachwa na mioyo yao na maombi. Ndipo ikaja punje. Ndani yake mlikuwa na chachu iliyofunzwa kula lehemu tu; inapandikizwa kwenye mshipa, inakaa kimya, inakula kila inayopita. Ili kujua kama inawafaa wazee, ilibidi wapatikane wazee wa kuijaribu. Nusu wangepewa punje kamili, nusu wangepewa tupu yenye maji ya chumvi, na asiwepo wa kujua nani ana ipi, si mgonjwa wala daktari, mpaka miaka tisa iishe, punje zitolewe na orodha ifunguliwe. Punje zote zilikuwa na kitaa cha kijani kilichoonekana kupitia ngozi kila alfajiri, kuonyesha tu kwamba punje ipo mahali pake. Hayo yote yaliandikwa kwenye fomu. Lakini nani anakumbuka fomu wakati kifua chake kinawaka taa?

Wazee mia nne na kumi na wawili walikubali, na aliyewashawishi ni Ndeanasia, mwenyekiti wao. Walipokataa kuchaguliwa na kompyuta, ni yeye aliyependekeza kura ya mkono: namba, ambazo orodha ya siri imeshazigawa kamili na tupu, ziwekwe ndani ya kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, kila mtu atumbukize mkono wake mbele ya macho ya wote. Yeye alitoa namba yake. Nderingo akafuata, akazamisha mkono mpaka kiwikoni, akasema anatafuta ya chini kabisa kwa kuwa utamu wa mbege huwa chini. Watu walicheka, wakacheka tena alipoibuka na namba inayofuata ya mkewe.

Jana pale ubaoni hawakucheka. Mtu mmoja nyuma yake alisema, bila hata kupunguza sauti, kwamba kumbe Nderingo alikuwa na punje kamili na moyo bado ukamsimama, basi ulafi hauna dawa. Ndeanasia aliondoka na maneno hayo yakimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alifika nyumbani, akapika, hakula. Ndipo alipoanza kujiuliza swali ambalo mkaguzi mzuri angelijiuliza palepale ubaoni. Miaka tisa kila alipopimwa, wauguzi walimtania kwamba ana damu ya msichana. Dada yake alikufa kwa moyo, na mama yao pia. Punje tupu ingeitoa wapi damu ya msichana?

Alichukua kibanio, akaweka punje ya Nderingo kwenye sahani ya kushoto. Kijikaratasi cha kituo, alichokitunza kama alivyotunza kila karatasi maishani mwake, kilisema punje mpya zote, kamili kwa tupu, zilitengenezwa na uzito mmoja, miligramu thelathini, ili mtu asizitofautishe. Ya Nderingo ilikuwa na thelathini kamili. Miaka saba ndani ya mtu, na haikuwa imeongezeka hata chembe.

Akaiondoa, akaweka yake. Sahani ikashuka. Aliongeza vijiwe vya shaba kimoja kimoja, polepole, mpaka ulimi wa mizani uliposimama katikati. Arobaini na nne.

Chachu hula, na kinachokula hunenepa. Hakuhitaji daktari wa kumweleza hilo. Alirudia kupima mara tatu, kama sheria ya idara ilivyotaka, kisha akakaa kwenye kigoda na kutazama mizani kwa muda mrefu. Punje kamili ilikuwa ndani yake. Tupu ilikuwa ndani ya mumewe. Orodha ilisema kinyume, na orodha ilifuata namba za kibuyu, na kibuyu kila mtu alikiona. Kwa hiyo zilibadilishwa baada ya kibuyu, na kati ya kibuyu na mshipa palipita mikono ya mtu mmoja tu. Mikono hiyo aliifahamu. Aliifundisha kumenya ndizi.

*

Haikael alifika saa mbili. Alikuwa daktari mkuu wa jaribio lile, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mtoto wa marehemu Aisia, mdogo wake Ndeanasia. Tangu akiwa na miaka kumi na mmoja alilelewa katika nyumba hii. Nderingo ndiye aliyemfundisha baiskeli, akamsindikiza shule ya bweni na sanduku kichwani, na siku alipovaa joho la udaktari alilia mbele za watu bila aibu, akasema ni vumbi.

Aliegesha gari chini, akapanda kwa miguu kupita migombani, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Mikono yote miwili ilishika jani refu la kijani, lililofungwa fundo katikati.

Mtu akija na sale kuomba msamaha haachwi mlangoni. Hilo halifundishwi shuleni, watoto wa mlimani hulinyonya na maziwa. Anayeleta jani la sale ameleta shingo yake, na anayelikataa hujiletea laana yeye na kizazi chake; hata aliyeuliwa ng'ombe, hata aliyechomewa nyumba, hulipokea. Mkono wa kulia wa Ndeanasia ulinyooka kabla akili haijauuliza. Alilipokea. Na lilipokuwa tayari kiganjani mwake, ndipo alipotambua kwamba hajaambiwa kosa.

Ujanja huo ulimuuma kabla ya mengine yote. Kwa desturi unakiri kwanza, ndipo unatoa jani. Haikael alikuwa amemfunga kamba kwanza.

Alimwelekeza kigoda. Haikael alikaa, akaona mizani, akaona vichupa, na mabega yakamshuka.

"Umeshajua, mama mkubwa."

"Nimejua uzito. Sababu sijaijua."

Ikatoka, kwa vipande. Punje zilikuja zimeshapangwa kwa namba, na Haikael ndiye aliyezifunga kwenye vifuko. Orodha ya kamili na tupu ilipaswa kupigwa lakiri kabla hajaiona. Aliiona. Kwanza alisema ilikuwa bahati mbaya, kisha akajisahihisha mwenyewe, akasema hapana, aliitafuta. Alitaka kujua za watu wawili tu. Akakuta kura ya kibuyu imempa baba mkubwa uzima na mama mkubwa maji ya chumvi.

"Nilishamzika mama mmoja," alisema. "Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Nilipoona ile namba yako, mikono yangu ikafanya yenyewe."

"Miaka thelathini na mmoja nimekagua wauza nyama," Ndeanasia alisema. "Kila niliyemkuta amebonyeza mizani kwa kidole gumba aliniambia kidole kilifanya chenyewe."

Haikael aliinamisha kichwa. Alieleza kwamba baba mkubwa alikuwa na nguvu, alipanda mlima bila kuhema, na hesabu zote zilionyesha angevuka miaka tisa hata na punje tupu. Alipima hatari kama daktari. Aliweka mmoja huku, mwingine kule. Hakusema kwamba mmoja alikuwa damu yake na mwingine mume wa mama mkubwa tu, na Ndeanasia hakumlazimisha kulisema. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu utotoni alidhani methali hiyo inahusu wezi na majirani wabaya. Kumbe inamhusu mtu anayekupenda.

Kwa maana hilo ndilo lililomvuruga. Angekuwa amefanya kwa chuki, lingekuwa jepesi. Alikuwa ametiwa uhai kifuani bila kuulizwa, uhai ulioondolewa kwenye kifua kilicholala ubavuni mwake, na miaka saba walikuwa wakiamka alfajiri wakitazamana vitaa vyao, wakitaniana nani anawaka zaidi. Nderingo alikuwa akisema cha kwake ndicho kinachong'aa.

"Nieleze Krismasi," alisema.

Haikael alijua ni ipi. Krismasi ya mwisho ya Nderingo ukoo wote ulipanda nyumbani, mbuzi wakachinjwa, na nyama ikagawanywa kama inavyogawanywa tangu enzi: kila kiungo na mwenyewe. Kidari, chenye mafuta yaliyonona, ni cha mkubwa wa ukoo. Nderingo alikuwa amelalamika wiki nzima kwamba anapopanda kutoka mtoni kuna kitu kinambana hapa, akigusa kifua. Aliketi na kidari mbele yake, kisu mkononi, akageuka kwa Haikael na kuuliza mbele ya watu wote, akicheka nusu: daktari, nile au nisile?

"Ulimjibu nini?"

"Ulikuwepo, mama mkubwa."

"Nilikuwepo. Nataka uliseme wewe."

"Nilimwambia, kula, baba mkubwa. Taa yako inawaka."

Kidari kimoja hakiui mtu, na Ndeanasia alilijua hilo. Nyama ya siku moja haizibi mshipa. Lakini Nderingo alikuwa ameuliza. Alikuwa na maumivu, alikuwa na daktari mezani kwake, na daktari huyo alikuwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba ndani yake mna maji ya chumvi. Neno moja tu, punguza, baba, njoo Jumatatu nikupime, na pengine angekuwa bado anabishana na redio. Haikael alisema hakuweza. Sheria za jaribio zilimkataza kumwambia mshiriki mmoja jambo asilowaambia wengine.

"Sheria uliivunja ulipotaka," Ndeanasia alisema, "ukaishika ulipoogopa."

Mwezi wa pili Nderingo alianguka kwenye kahawa, kikapu kikiwa bado begani.

Nje kuku alikuwa akitangaza yai kana kwamba hakuna jambo jingine duniani. Hatimaye Haikael alisema alilojia. Leo saa tano, kwenye ukumbi wa ushirika, Bwana Mtengeti wa Baraza la Dawa angepokea matokeo. Waliokuwa na punje kamili walikufa kwa moyo thelathini na mmoja. Waliokuwa na tupu, sabini na wanne. Punje inafaa wazee, hakuna tena wa kubisha. Kilichobaki ni saini ya mwenyekiti wa washiriki kuthibitisha kwamba kura ilikuwa ya haki, na mchana huohuo kila aliyebaki hai angepandikizwa punje mpya, kamili, na baada yake wazee wa nchi nzima. Sanduku lilikuwa limeshafika.

Bila saini, jaribio lingefutwa na kurudiwa. Miaka mitano, labda saba.

"Wawili kati ya mia nne na kumi na wawili hawabadilishi hesabu, mama mkubwa. Tena mabadiliko yenu yameipunguzia punje sifa, hayakuiongezea. Ukweli wenyewe haujaguswa."

"Ni sisi wawili tu?"

"Wawili tu."

Ndeanasia alimtazama usoni, uso aliouosha, aliouchapa mara moja na kuubusu mara nyingi, na akagundua kwamba hajui. Anaweza kuwa anasema kweli. Hakuna tena namna ya kujua. Zamani, akikuta dukani jiwe moja la uongo, hakulitoa hilo moja na kuyaacha mengine. Alifunga mizani yote, mpaka ipimwe upya. Wenye maduka walilia, walikuwa na wateja, walikuwa na watoto. Alifunga.

Lakini wale hawakuwa Mzee Manasi. Manasi wa ng'ambo ya korongo, miaka themanini na sita, jana aliposoma neno *tupu* kando ya namba yake alifurahi, akasema afadhali, maana sasa atapata ya kweli. Anapopanda kwake hupumzika mara tatu. Manasi hana miaka mitano. Na yeye mwenyewe, mwenye moyo wa mama yake na wa dada yake, kifua kikiwa kimetolewa mlinzi wake siku tatu zilizopita, ana mingapi?

Aliligeuza jani mkononi. Lilikuwa bichi, utomvu bado ulikuwa ukitoka penye mkato.

"Hili umelikata wapi?"

"Hapo chini, nilipokuwa napita."

"Hapo chini wapi?"

Haikael aligeukia mlango, akatazama chini alikopita. Katika kihamba chote cha Nderingo, migomba na kahawa yake, masale yaliota mahali pamoja tu, pale walipoyapanda kuzunguka kaburi lake. Alikuwa amekata jani kwenye kichwa cha marehemu kuja kuombea msamaha kifo chake, na hakuwa ameliona hilo mpaka alipoulizwa. Alijifunika uso kwa viganja.

Ndeanasia hakumgusa. Mkono wake ulitaka, akauzuia.

"La kwangu nimelipokea," alisema, "na lililopokelewa halirudi. Sitakulaani. Lakini umekosea mlango, mwanangu. Walioko kwenye ile orodha ni mia nne na kumi na wawili, na mimi ni mmoja. Kata jingine uende nalo ukumbini. Ukija, sawa. Usipokuja, mizani nitaibeba mwenyewe."

"Watakufa watu, mama mkubwa. Utakufa wewe."

"Yule alikufa hajui. Sisi angalau tutajua."

Alisema hivyo kwa ukali, lakini Haikael alipoondoka alikaa na kulia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Alikuwa amemlea mtoto mmoja tu maishani mwake, akamlea vizuri, na hakuweza kuona mahali alipokosea.

*

Ukumbi wa ushirika ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Wazee walivaa nguo za kanisani. Kila shingo ilikuwa na bandeji ndogo nyeupe chini yake, na wengi walikuwa wakiigusagusa kama mtu anayegusa jino lililong'oka. Mezani palikuwa na sanduku la baridi, bluu, na Bwana Mtengeti, mtu mrefu mwenye adabu za mbali, alikuwa amelifungua kidogo ili watu waone. Mzee Manasi alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amefika saa mbili ili awe wa kwanza.

Haikael alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Mikono yake ilikuwa ndani ya mkoba. Ndeanasia hakuweza kuona kama alikuwa amekata jingine au la.

Mtengeti alisoma takwimu, watu wakapiga makofi, akamkaribisha mwenyekiti atie saini. Ndeanasia alipanda jukwaani na kikapu. Badala ya kalamu alitoa mizani, akaiweka mbele ya Mtengeti. Minong'ono ikapita, kisha ikazimika. Wengi pale waliwahi kuiogopa mizani ya mkaguzi huyo wakiwa na maduka yao. Akatoa vichupa viwili.

Alisema kwa sauti aliyokuwa akiitumia mahakamani, isiyo na chumvi wala sukari. Hii ni punje ya marehemu Nderingo, namba mia moja na kumi na tisa, orodha inasema kamili. Hii ni yangu, mia moja na kumi na nane, orodha inasema tupu. Zilianza na uzito mmoja. Aliweka moja huku na moja kule, akaachia.

Sahani yake ilishuka mpaka chini ikagonga shaba. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilisikika.

Mtengeti alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinama, akatazama, akainua macho, akaliwekea mkono sanduku lake la bluu. Wengine walielewa mmoja mmoja, na kila aliyeelewa alitazama jirani yake, kisha kifua cha jirani yake, kisha chake mwenyewe. Mama mmoja aliyemzika mumewe mwaka juzi aliuliza kwa sauti nyembamba kama basi na yule wake pia. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumpa. Hilo ndilo Ndeanasia alilotaka lionekane, na lilipoonekana lilimtia uchungu.

"Kura ilikuwa ya haki," alisema. "Mikono iliyofuata haikuwa. Mimi niliwaleta hapa mkatumbukiza mikono kwenye kibuyu. Siwezi kutia saini."

Kiti kilikwaruza sakafu nyuma. Haikael alikuwa amesimama. Alitoa mikono mkobani, na jani lilikuwepo, na fundo.

Alipita katikati ya ukumbi. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyempisha. Alikiri kwanza, safari hii, kila kitu, mpaka Krismasi, na aliposema *taa yako inawaka* wapo walioguna kama waliopigwa. Kisha akaenda kwa aliyekuwa karibu naye zaidi, naye alikuwa Mzee Manasi, akapiga magoti, akanyoosha jani.

Manasi hakusogea. Alilitazama jani, akatazama sanduku la bluu ambalo Mtengeti alikuwa akilifunga, komeo la kwanza, komeo la pili. Midomo yake ilicheza. Ndeanasia, kule jukwaani, aliona mtu akiyapima maisha yake yaliyobaki bila mizani.

Mkono wa kulia ukanyooka, ukalichukua.

"Nimelipokea kwa kuwa ni sale," Manasi alisema. "Si kwa kuwa ni wewe."

*

Walipanda pamoja mchana ule, Ndeanasia na Manasi, kwa kuwa njia ilikuwa moja mpaka korongoni. Mtengeti alikuwa ameahidi kwamba jaribio litarudiwa na wao watakuwa wa kwanza. Aliahidi kwa adabu, macho yakiwa kwenye gari lake. Haikael alikuwa amebaki ukumbini akiandika maelezo yake, na hakuna aliyeketi karibu naye.

Manasi alipumzika mara nne. Hakulaumu. Mara ya nne, akiwa ameegemea ukingo, aliuliza kama Nderingo aliwahi kushuku lolote. Ndeanasia alisema hapana, alikuwa akisema cha kwake ndicho kinachong'aa zaidi. Manasi alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema afadhali. Waliagana. Alimtazama akivuka, hatua moja, nyingine, jani likiwa limechomekwa kwenye mfuko wa koti, na alijua kwamba kila mara simu itakapolia kutoka ng'ambo ile moyo wake utaruka.

Moyo wake mwenyewe. Aliusikia, ukifanya kazi bila msaidizi kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Hakuingia ndani. Alishuka hadi kaburini, akaona vikonyo viwili vya majani yaliyokatwa, kimoja kila upande. Watu jana walisema ulafi. Kesho watasema kingine, lakini hicho hawatakisema tena. Alipiga magoti kwa shida, akachimba kwa kidole shimo dogo pale ambapo kifua kingekuwa, upande wa kushoto. Alifungua kichupa chake, si kile cha mumewe, akatoa ile punje nzito iliyonenepa miaka tisa ndani ya mshipa wake, ikimlinda yeye. Ukoo ulikuwa umekataa azikwe na kitu ambacho si chake.

"Hii hawawezi kuikataa," alimwambia. "Uliitoa wewe kwenye kibuyu."

Akaiweka ndani, akafukia.